Kamba ya mama na sateliti mbili: namna bantu balijifunza kupima maji ya chini

Mu parseli yetu hapa Lubumbashi kuko kisima chenye baba alichimbisha wakati mimi nilikuwa mu sekondere. Kamba ya kwanza ilikuwa ya mita 9. Kisha kiangazi kimoja ndoo ikaanza kurudi na matope, mama akaunganisha kamba mpaka mita 11. Mwaka jana tulifika 13. Sasa mama anajiuliza kama alipe watu waongeze shimo, ao achange pesa ya foraji. Akaniuliza: «Weye ulisomea udongo na maji. Maji inaenda wapi?» Niko na lisansi ya agronomi, lakini nilikosa jibu. Njo maana niliingia kusoma hii historia.

Kwa muda mrefu, kujua maji ya chini kulikuwa na njia moja tu: kutoboa shimo na kupima. Sisi ba-Katanga tunajua hiyo kazi juu ya migodi. Kule Kipushi, kilometa karibu 30 kutoka hapa, mgodi ulifunguliwa mu 1924, na bila pompi hakuna mtu angeweza kutumika chini. Uzalishaji ulisimama mu 1993, lakini pompi ziliendelea. Mu 2011 pompi zikakufa, na maji yakapanda yakajaza njia za chini. Kwa hiyo mkono wa mtu unaweza kushusha maji, na akiacha, yanarudi. Lakini shimo moja linasema tu habari ya pahali lilipo.

Tarehe 17 mwezi wa tatu 2002, NASA ya Marekani na DLR ya Ujerumani walirusha sateliti mbili zinazoitwa GRACE. Hazipigi picha ya maji; zinayapima kwa uzito. Moja inatangulia, ingine inafuata, kilometa karibu 220 kati yao. Pahali penye uzito mwingi panavuta ile ya mbele kwanza, na nafasi kati yao inabadilika kidogo sana, kuliko unene wa unywele. Zinapima hiyo nafasi. Mlima hauhami kila mwezi. Maji ndiyo yanahama. Basi uzito ukipungua mwezi kwa mwezi, mara nyingi ni maji yameondoka.

Mu 2009, Matthew Rodell na wenzake walionyesha kama kaskazini-magharibi ya India ilipoteza kilometa za ujazo 109 za maji ya chini kati ya 2002 na 2008. Mvua haikupungua sana. Ni pompi za wakulima. Mimi kama agronome hiyo ilinigusa.

Na kwetu? Mu 2006, Crowley na wenzake walihesabu kama bonde la Kongo lilipoteza kilometa za ujazo karibu 280 kati ya mwezi wa ine 2002 na mwezi wa tano 2006. Sisi pia tuko ndani, juu Kafubu inaingia mu Luapula, na mwishoni maji yake yanafika mu mto Kongo. Lakini tusikimbilie kulia. Hiyo ni maji yote pamoja, ya mito, ya udongo na ya chini. Tena miaka ine ni kidogo.

GRACE ilimaliza kazi mu 2017, na GRACE-FO ikachukua nafasi yake mu 2018. Data zake ni za bure. Shida ni hii: inaona vizuri eneo la kilometa kama 300 kila upande. Jimbo lote la Haut-Katanga kwake ni kama nukta moja ao mbili. Kisima cha mama hakionekani. Na ili ujue maji ya chini peke yake, unapashwa kutoa maji ya mito na ya udongo, kisha kulinganisha na visima vilivyopimwa kwa mkono.

Hapo njo niliona haya. Kamba yetu ina namba tatu tu, na hakuna aliyeandika ni mwezi gani. Pengine ni foraji za majirani, pengine mvua ilichelewa, pengine ni manyumba yaliyofunika udongo. Bila kaye, siwezi kumwambia mama atumie pesa namna gani.

Tangu mwezi wa tano ninapima: kamba na jiwe, asubuhi mbele mtu hajavuta maji, tarehe 1 na tarehe 15. Majirani wawili banakubali nipime na kwao. Mama nimemuomba angoje mpaka mvua ipite, tuone maji yatapanda mpaka wapi.

Tuko wengi hapa wenye tulisoma. Tukipata visima makumi mbili mu makomini mbalimbali, tutakuwa na kitu cha kuweka pembeni ya data za sateliti. Kwenu kisima kiko na mita ngapi leo? Andikeni hapa chini, na tarehe.