Wanawake waliovuka Ruvuma na bunduki begani

KILA ifikapo Aprili 7, Msumbiji huadhimisha Siku ya Mwanamke wa nchi hiyo. Ni tarehe aliyofariki dunia Josina Machel, mpiganaji wa chama cha ukombozi cha FRELIMO, mwaka 1971. Alifia katika Hospitali ya Muhimbili, jijini Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 25, na akazikwa katika makaburi ya Kinondoni.

Josina ndiye anayetajwa zaidi, lakini hakuwa peke yake. Alikuwa mmoja wa kundi la kwanza la wanawake waliopewa mafunzo ya kijeshi ili kupambana na utawala wa Kireno. Mafunzo hayo yalifanyika katika ardhi ya Tanzania, na historia yao kwa sehemu kubwa ni historia ya pande zote mbili za Mto Ruvuma.

Chimbuko la vita

FRELIMO iliundwa Dar es Salaam Juni 25, 1962, baada ya vyama vitatu vya wananchi wa Msumbiji kuungana chini ya Dk. Eduardo Mondlane. Miaka miwili kabla ya hapo, Juni 16, 1960, askari wa Kireno waliwafyatulia risasi wananchi waliokusanyika Mueda, katika jimbo la Cabo Delgado, na kuua. Wengi waliona kuwa mlango wa mazungumzo umefungwa. Vita vya silaha vilianza Septemba 25, 1964 kwa shambulio la Chai, katika jimbo hilohilo.

Wanawake walikuwa na sababu zao za kuuchukia ukoloni. Tangu mwaka 1938 serikali ya kikoloni ililazimisha familia za vijijini kulima pamba na kuiuza kwa makampuni kwa bei iliyopangwa. Wanaume walipochukuliwa kwa kazi za shuruti au walipokwenda kutafuta vibarua migodini na katika mashamba makubwa, jembe la pamba lilibaki mikononi mwa wake zao, na shamba la chakula likakosa mtu wa kulihudumia. Njaa ilifuata.

Nachingwea, 1967

Katika miaka miwili ya mwanzo wa vita wanawake waliwapikia wapiganaji, wakawaficha na kuwabebea mizigo. Oktoba 1966 Kamati Kuu ya FRELIMO iliamua kwamba nao wapewe mafunzo ya kijeshi na ya kisiasa. Mapema mwaka 1967 wanawake 25 kutoka Cabo Delgado na Niassa walifika katika kambi ya Nachingwea, kusini mwa Tanzania, eneo lililowahi kuvuma kwa mpango wa karanga wa Waingereza.

Kundi hilo lilizaa Kikosi cha Wanawake, ambacho kwa Kireno kiliitwa Destacamento Feminino. Miongoni mwa waliopitia mafunzo hayo ya mwanzo alikuwa Marina Pachinuapa, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa viongozi wa kikosi hicho.

Uamuzi huo haukupokewa kwa mikono miwili na kila mtu. Wazazi wengi hawakutaka binti zao walale kambini na wanaume wasiowajua. Hata ndani ya chama walikuwapo walioona kuwa bunduki si kazi ya mwanamke. Aidha, utafiti uliofanywa Cabo Delgado baada ya vita umeonyesha kuwa baadhi ya waliojiunga walikuwa wasichana wadogo sana, na si wote walioulizwa hiari yao. Hata hivyo, wengi wao walipokuwa watu wazima waliizungumzia miaka hiyo kwa fahari.

Kazi yao

Baadhi walipigana vitani, lakini kazi kubwa ya kikosi ilikuwa nyuma ya mstari wa mapambano. Walisafirisha silaha, risasi na dawa kutoka mpakani hadi ndani ya nchi, wakitembea kwa miguu siku nyingi porini, mzigo kichwani na bunduki begani. Walilinda vijiji vya maeneo yaliyokombolewa, wakahudumia majeruhi, wakafundisha kusoma na kuandika, na wakalea watoto walioachwa yatima na vita.

Kazi nyingine ilikuwa ya maneno. Mwanamke mwenye bunduki alipoingia kijijini aliweza kuketi na kina mama na kuwaeleza shabaha ya vita kwa namna ambayo mpiganaji wa kiume asingeweza. Uwepo wake uliwagusa hata vijana wa kiume waliokuwa wakisitasita: ilikuwa aibu kubaki nyumbani wakati dada zao wamekwenda.

Josina

Josina Muthemba alizaliwa Agosti 10, 1945 katika jimbo la Inhambane. Akiwa mwanafunzi mjini Lourenço Marques, ambao sasa ni Maputo, alijiunga na harakati za siri za wanafunzi. Mwaka 1964 alitoroka pamoja na wenzake, akiwamo Armando Guebuza aliyekuja kuwa Rais wa Msumbiji, lakini walikamatwa Rhodesia, wakarudishwa na kufungwa. Alipoachiwa alitoroka tena, na safari hii alifika Tanzania.

Dar es Salaam alifanya kazi katika Taasisi ya Msumbiji, shule ya FRELIMO iliyokuwa Kurasini chini ya Janet Mondlane. Alipopata nafasi ya kwenda kusoma Uswisi aliikataa, akaenda Nachingwea. Katika mkutano mkuu wa pili wa FRELIMO, uliofanyika Julai 1968 ndani ya Niassa, alitetea wanawake washiriki kikamilifu katika ngazi zote za mapambano.

Mwaka 1969 alifunga ndoa huko Tunduru na Samora Machel, mkuu wa majeshi ya FRELIMO, na mwaka huohuo wakapata mtoto wa kiume. Alikabidhiwa idara ya huduma za jamii, iliyosimamia vituo vya watoto. Aliendelea kusafiri kwenda Cabo Delgado hata afya yake ilipokuwa imezorota, hadi kifo kilipomkuta.

Baada ya uhuru

Mwaka 1973 mkutano uliofanyika Tunduru uliunda Umoja wa Wanawake wa Msumbiji, OMM. Akiufungua, Samora alisisitiza kwamba mapinduzi hayawezi kushinda bila ukombozi wa mwanamke. Mapinduzi ya Aprili 25, 1974 nchini Ureno yaliharakisha mwisho wa vita, na Juni 25, 1975 Msumbiji ikawa huru. Katiba ya uhuru ilitamka kuwa mwanamume na mwanamke wana haki sawa. Graça Simbine, aliyejiunga na FRELIMO mwaka 1973 na kupata mafunzo Tanzania, akawa Waziri wa kwanza wa Elimu na Utamaduni. Mwaka huohuo aliolewa na Samora.

Kwa wengi wa wenzao mabadiliko hayakuwa ya haraka hivyo. Amri jeshini na serikalini zilibaki zaidi mikononi mwa wanaume, na waliorudi vijijini walikuta mahari, ndoa za wake wengi na ndoa za utotoni zikiendelea kama zamani.

Sheria nayo ilichelewa. Pamoja na maneno ya katiba, mambo ya ndoa yaliendelea kuongozwa na kanuni ya Kireno ya mwaka 1966, iliyomtambua mume kuwa ndiye mkuu wa familia. Kanuni hiyo ilifutwa na Sheria ya Familia ya mwaka 2004, mwaka uleule ambao Luísa Diogo alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri Mkuu wa Msumbiji.

Vita dhidi ya Wareno vilidumu takriban miaka 10. Kuiondoa sheria yao ndani ya nyumba za wanawake waliovipigana kulichukua miaka 29 zaidi.