Usiku wa Ijumaa, Kiingilio Bure

Shangazi yake rafiki yangu, mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, aliyehamia London kwa mwanawe, alijitanda buibui jipya akapanda basi siku ya Alhamisi jioni. Alipofika kwenye makumbusho ya sanaa aliyoalikwa, alikuta milango imefungwa na mlinzi anatikisa kichwa. Kosa lilikuwa langu. Tangazo lile la mstari mmoja nililitafsiri mimi kutoka Kiingereza, nikaandika: "Usiku wa Ijumaa, programu za makumbusho kwa umma, bure."

Kwa mtu wa bara sentensi hiyo haina shida. Kwa aliyelelewa Mombasa ya zamani, usiku wa Ijumaa unaingia jua la Alhamisi linapozama. Siku yake huanza magharibi, usiku ukatangulia na mchana ukafuata. Aliponipigia simu hakuwa na hasira. "Mwanangu, huo ulioutaka wewe ni usiku wa kuamkia Jumamosi. Ungesema hivyo tu." Kisha akacheka: "Basi nimepanda bure, kwenye cha bure, nami nimerudi bure." Wazee wa London hawalipi nauli ya basi.

Tangu hapo nimeurudia mstari ule mara nyingi, kama anayekula samaki mwenye miiba gizani.

Kwanza, kwa nini sikuandika "jioni"? Kwa sababu shughuli ilianza saa moja, na saa moja si jioni. Kiingereza kina neno moja la muda mrefu, "evening", linaloanza watu wakitoka kazini hadi wakaribie kulala. Jioni yetu ni fupi, kibarazani unaiona ikipita. Hata saa inakubali: kumi na mbili ni jioni, na ikitimia saa moja tumeshaanza kuhesabu upya, ni usiku. Hesabu hiyo ni ya watu wa karibu na Ikweta, ambako jua halichelewi wala haliwahi sana. Ukisafiri nayo inachekesha. Makumbusho ya Prado, Madrid, huruhusu watu kuingia bila malipo saa mbili za mwisho, Jumatatu hadi Jumamosi: kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku. Sasa nenda mwezi Juni. Unatoka saa mbili "usiku", macho bado yamejaa michoro ya giza ya Goya, na nje jua bado linakuchoma uso.

Isitoshe, "usiku" kwenye mabango yetu una mambo yake. Usiku wa taarabu, usiku wa mitindo, usiku wa fulani: msomaji anatarajia kiti cha mbele cha bei yake, na nguo ya kuonekana nayo. Usiku ni starehe. Nilitaka kulikwepa neno kwa sababu hiyo, mpaka nilipokumbuka kwamba makumbusho yalianza kufunguliwa usiku kwa ajili ya kushindana na starehe hasa. Mwaka 1857 Henry Cole alifungua makumbusho ya South Kensington, London, ambayo leo yanaitwa Victoria and Albert. Alitia taa za gesi kwenye kumbi za picha ili mfanyakazi aliyeshinda kiwandani apate pa kwenda jua likishazama, tena pamoja na mkewe na watoto. Hakuficha nia yake. Alitumaini kwamba kumbi hizo zingewavuta watu kutoka kwenye vilabu vya jini (kinywaji, si pepo, ingawa yeye pengine asingeona tofauti).

Gesi iliwatia wengine hofu kwamba ingeharibu picha. Wakaitwa wataalamu wachunguze, mmoja wao Michael Faraday, yule yule wa umeme. Taa zikabaki. Cole akaongeza jambo lililokuwa geni wakati huo: mahali pa kula ndani ya makumbusho. Alijua mtu hawezi kuletwa kwenye urembo akiwa na njaa.

Siku nyingine za juma hazikuwa na malipo, nyingine zilikuwa za peni sita, ili wanafunzi wachore kwa utulivu. Yaani bure ilikuwa na kelele na malipo yalinunua ukimya. Hapo ndipo mwiba mkubwa ulipo, "bure" lenyewe. Neno hili linabeba vitu viwili ambavyo lugha nyingi zimevitenga: kutolipa na kutofaidi. Cha bure, maneno ya bure, mtu bure. Shangazi alivichezea vyote viwili katika pumzi moja. Serikali ya Tanzania, ilipotoa waraka wa kuondoa ada shuleni mwaka 2015, iliandika "elimumsingi bila malipo". Mitaani watu waliendelea kusema "elimu bure", na wakosoaji wakapata utani wao wa bila malipo: bure kweli kweli.

Lakini "bila malipo" linanikalia kama risiti. Ni neno la karani. Wachapishaji wa mabango ya mpira na muziki walishalimaliza suala hili zamani bila kuuliza mtu: KIINGILIO BURE. Angalia lilivyokaa. Kilicho bure ni kiingilio, si muziki wala mwanamuziki. Tusi limefungiwa mlangoni. Hilo ndilo ninalolishika.

"Programu" nililifuta bila huruma, maana halimwambii mtu atakachokiona. "Shughuli" lingefaa, ila Dar es Salaam ukisema kuna shughuli, watu wanauliza sare ni kitambaa gani na mchango shilingi ngapi. "Mhadhara" lina vipaza sauti vya dini. Mwishowe niliandika kinachotokea tu: mazungumzo, muziki, filamu. Na "kwa umma"? Umma ni wa mali na utumishi, ni neno la ofisini. Nani amewahi kujihisi ameitwa kwa kuambiwa yeye ni umma? Wote mnakaribishwa.

Likabaki "makumbusho". Ukiwa Dar es Salaam, neno hili kwanza ni kituo cha daladala. Kondakta analipigia kelele siku nzima, na abiria wake wengi hawaendi kwenye Kijiji cha Makumbusho kilichokipa kituo jina. Kiumbo linatokana na kukumbusha, nami nililiona finyu: picha iliyochorwa mwaka jana inakumbusha nini? Ila majengo ya kwanza ya aina hii pwani yalikuwa ya ukumbusho kweli. Beit el Amani la Unguja, mwaka 1925, lilijengwa kukumbuka amani baada ya Vita Kuu. Lile la Dar es Salaam lilifunguliwa mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano. Vitu vya kutazama viliwekwa ndani ya ukumbusho. Nilijaribu "nyumba ya sanaa", lakini kwa watu wa rika langu Nyumba ya Sanaa ni ile ya Dar, palipokuwa na mafundi wakichonga na kuchora na kuuza, vumbi la mpingo miguuni. Huko vitu vilizaliwa. Makumbusho huvipokea vikishakua. Nikaliacha neno palepale.

Mwezi uliofuata nilimtumia shangazi mstari mpya: "Usiku wa kuamkia Jumamosi, kuanzia saa moja: mazungumzo, muziki na filamu makumbushoni. Kiingilio bure. Wote mnakaribishwa." Akajibu kwa swali moja, kama kuna chai. Nikamwambia ipo, ya kununua.

Jumamosi asubuhi nikakuta sauti yake kwenye simu, nyuma yake zeze na watu wengi wakiongea. Picha hakuzitaja. "Nimeshaingia, mwanangu. Mlinzi ni yule yule wa Alhamisi. Kanikumbuka."