Mvinyo mwekundu wa Dodoma na njia ya kuufikisha Rusizi

Wilaya ya Rusizi (zamani Cyangugu) inajulikana kwa chai na mpunga wa Bugarama, si kwa zabibu. Mfanyabiashara wa huko anayetafuta mvinyo mwekundu wa Afrika Mashariki huagiza Dodoma, Tanzania, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka: Februari hadi Machi, na Agosti hadi Septemba.

Dodoma haina baridi ya kuulaza mzabibu. Mkulima akipogoa, huchipua upya, na baada ya takriban miezi minne zabibu ziko tayari. Mavuno ya Machi hukutana na mvua, ukungu hushika na sukari hupungua. Ya Agosti hukomaa kiangazi. Kwa mvinyo mwekundu ndiyo ya kuulizia.

Aina kuu ya zabibu nyekundu ni Makutupora. Huchachushwa pamoja na maganda, maana ndiyo yanayotoa rangi. Zabibu hazingoji: viwanda vikijaa, mkulima huuza kwa hasara au hukamua mwenyewe na kuuza mchuzi kwa jumla. Bei yake huvutia, lakini pipa lisilozibwa vizuri laweza kuwa siki kabla ya kuvuka Nyungwe. Safari hii ni ya chupa.

Lori hupitia Singida, Nzega, Kahama na Rusumo, penye kituo cha pamoja cha mpakani tangu 2016, kisha Kigali na Huye. Cheti cha uasili wa bidhaa huondoa ushuru wa forodha. Ushuru wa bidhaa na VAT ya 18% hubaki. Kwa mzigo wa Bukavu, wakala wa forodha aulizwe kwanza, bei ipangwe baadaye.