Kwa nini watu wa Lamu hawakwenda kortini

Uzi mfupi, maana kila mjadala wa ardhi ya Lamu ukianza lazima atokee mtu aulize: "Kama mlidhulumiwa, mbona hamkushtaki?"

Jamani, sheria iliwazuia.

Turudi nyuma. Vita vya Shifta, 1963 hadi 1967. Wengi wakisikia Shifta wanafikiria Garissa, Wajir na Mandera tu. Lakini Wabajuni wa vijiji vya bara, kaskazini kuelekea Kiunga na mpaka wa Somalia, walijikuta katikati: mashifta upande huu, wanajeshi upande ule. Wakaacha nyumba na mashamba, wakakimbilia visiwani, Malindi, Mombasa. Kuna vijiji vilivyobaki magofu.

Mwaka 1970, vita vishakwisha, Bunge likapitisha Sheria ya Kinga, Sura ya 44. Kwa ufupi: askari au ofisa wa serikali hashtakiwi kwa alilotenda kati ya 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967, mradi alitenda kwa nia njema, au akiwa kazini kwa ajili ya usalama. Wapi? Mkoa wa Kaskazini Mashariki, na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Ndiyo, Lamu imetajwa kwa jina.

Hiyo nia njema ataipima nani, kama kesi yenyewe haisikizwi?

Miaka miwili baadaye, 1972, Kenya ikajiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa. Ibara ya 2 inataka aliyevunjiwa haki apate pa kudai, hata kama aliyemvunjia ni mtu wa serikali. Kwa hiyo anayesema haya ni "mambo ya wazungu", mwambie tulijifunga wenyewe.

2010 Bunge likapitisha mswada wa kuifuta sheria hiyo. Rais hakuutia saini.

Sasa tazama 2013. Tarehe 21 Mei, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikakabidhi ripoti yake, na mateso ya enzi za Shifta yamo. Tarehe 6 Juni, Uingereza ikakubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa enzi za Mau Mau pauni milioni 19.9. Hao walishtaki London na korti ikawasikiliza. Mbajuni aliyetaka kuishtaki serikali yake mwenyewe, hapa hapa Kenya, akakuta Sura ya 44 mlangoni.

2015 ikaja radhi ya Rais bungeni, na ahadi ya mfuko wa shilingi bilioni 10.

Kwa hiyo mgombea akisimama Faza au Mokowe kuwaahidi fidia, msimpigie makofi bado. Muulizeni kwanza ile Sura ya 44 ataifanyaje.