Buigiri: Mahali Vidole Vilipofundishwa Kusoma

Msafiri atokaye mji wa Dodoma kuelekea Dar es Salaam, akiikata ile nchi kavu ya mibuyu na miiba, hupita Buigiri pasipo kuona jambo la kumsimamisha; kumbe ni hapo, mwaka 1950, ndipo Kanisa la Anglikana lilipofungua shule ya kwanza ya vipofu katika Tanganyika nzima, ikapewa jina la Wilson Carlile, kasisi wa Kiingereza aliyekuwa amefariki miaka minane kabla.

Wala haikuwa ajabu kwamba shule hiyo ilianzia hapo Ugogo, nchi ya Wagogo. Katika nchi ambayo mvua ni chache, maji huchotwa mbali na kutumiwa kwa hesabu, na inzi wa zizini hawakai mbali na nyuso za watoto, maradhi ya vikope yalipata makao ya kudumu; na pale vikope vilipokosa, surua na upungufu wa chakula bora viliweza kuyamaliza macho ya mtoto aliyezaliwa mzima.

Mtoto wa namna hiyo aghalabu alihurumiwa, akalishwa, akaketishwa kivulini. Na huruma hiyo, ijapokuwa njema, ndiyo iliyomchelewesha kuliko upofu wenyewe. Maneno haya si ya kwangu peke yangu. Mwaka 1896 walizaliwa wanazuoni wawili waliokuja kuigeuza ilimu ya makuzi ya mtoto. Jean Piaget wa Uswisi alionyesha kuwa mtoto huanza kuufahamu ulimwengu kwa mikono na viungo kabla ya maneno, na kwamba hata akifikia umri wa kwenda shule, fikra zake hushika zaidi lile analoweza kulishika. Mwenziwe Mrusi, Lev Vygotsky, aliyeshughulika sana na watoto wenye ulemavu, alisema kuwa kasoro ya jicho si kasoro ya akili. Kinachoidumaza akili ni kutengwa na mazungumzo, michezo na kazi za wenzake, na kwa hiyo wajibu wa mwalimu ni kumtafutia mtoto njia nyingine ya kufikia mwisho ule ule. Kitabu chake kikuu juu ya fikra na lugha kilitoka mwaka 1934, mwaka aliokufa, wala hakikutafsiriwa kwa Kiingereza mpaka 1962. Basi shule ya Buigiri ilikuwa imekwisha kutimiza miaka kumi na miwili katika njia hiyo kabla msomaji wa Kiingereza hajakifungua.

Njia yenyewe ni maandishi ya nukta nundu, aliyoyabuni Louis Braille wa Ufaransa mwaka 1824, naye kijana wa miaka kumi na mitano. Nukta sita tu, zikipangwa hivi na vile, hutoa alama 63. Mtoto huibana karatasi katika sleti, akaichoma kwa kalamu ya ncha kutoka kulia kwenda kushoto, kama aandikaye khati za Kiarabu, kwa kuwa nundu hutokea upande wa pili. Kisha huigeuza, akaisoma kutoka kushoto kwenda kulia. Akitaka kuandika "baba", herufi ya kwanza ni nukta mbili zilizosimama wima, ya pili ni nukta moja ya juu. Lakini nukta alizozichoma kuumeni, akigeuza karatasi huzikuta kushotoni. Umbo na kinyume chake hukaa pamoja katika kichwa kidogo, na hilo si jambo la siku moja. Kwa sababu hiyo mwalimu mwenye busara haanzi na herufi: huanza na punje za mahindi na maharage, mtoto azibague kwa kupapasa, hata vidole vizoee kutambua tofauti ndogo.

Baada ya Buigiri zilifuata shule za Furaha ya Tabora na Irente ya Lushoto katika miaka ya 1960, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikawafanya wazazi wote wawajibike kuwapeleka watoto shuleni, bila kubagua mwenye macho na asiyeona.

Basi mzazi mwenye mtoto asiyeona asingoje akue kwanza. Samaki hukunjwa angali mbichi, na kidole nacho ni vivyo hivyo; ampeleke mapema.