Mzozo wa Cambridge uliofungua ajira za uhandisi wa kibayolojia

Juni 2026 inatimia miaka 50 tangu Halmashauri ya Jiji la Cambridge, Massachusetts, iwaite wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Harvard kujieleza mbele ya umma juu ya utafiti wa jeni. Vijana wanaoomba kusomea uhandisi wa kibayolojia husimuliwa habari za maabara na mishahara, lakini mzozo huo hawausikii. Kwa maoni yangu, ndio uliosafisha njia ya kazi wanazozitafuta.

Stanley Cohen na Herbert Boyer walionyesha mwaka 1973 namna ya kupandikiza jeni ndani ya bakteria. Harvard ilipotaka kujenga maabara ya utafiti huo mwaka 1976, Meya Alfred Vellucci alikuja juu. Chuo chenyewe kiligawanyika: George Wald, mshindi wa Tuzo ya Nobel, alionya juu ya hatari zake, Mark Ptashne aliutetea. Halmashauri ilisimamisha majaribio yaliyohofiwa zaidi, ikaunda kamati ya wakazi wa kawaida, mmojawapo akiwa mtawa, chini ya mfanyabiashara Daniel Hayes. Bingwa wa jeni hakuwamo hata mmoja. Kwa miezi kadhaa walisikiliza pande zote, kisha wakaamua: utafiti uendelee, ila kwa masharti ya ziada juu ya yale ya serikali kuu. Februari 1977 jiji likayapitisha kuwa sheria.

Yupo atakayesema kampuni za bioteknolojia zilikuja Cambridge kwa kufuata vyuo vya MIT na Harvard, si sheria. Vyuo vilivuta, sikatai. Lakini mwenye mtaji huogopa zaidi kutojua kesho atakatazwa nini, na Cambridge ilikuwa imekwisha kumjibu. Kampuni ya Biogen, iliyoanzishwa Geneva mwaka 1978, ilifungua maabara Cambridge mwaka 1982, mwaka ambao Marekani iliidhinisha insulini ya binadamu iliyotengenezwa na bakteria. MIT ilianza kutoa shahada ya kwanza ya uhandisi wa kibayolojia mwaka 2005, na wahitimu wanaingia kwenye dawa, chanjo, vimeng'enya na udhibiti wa ubora.

Mwingine atadai kushauriana na umma ni kupoteza muda. Aitazame Kenya: marufuku ya vyakula vilivyobadilishwa jeni iliwekwa mwaka 2012, ikaondolewa mwaka 2022, na kesi zikafuata, walalamikaji wakidai wananchi hawakushirikishwa. Miezi iliyookolewa kwa kutowasikiliza watu huliwa na mahakama.

Vyuo vyetu vinavyofundisha bioteknolojia vifanye sheria za usalama wa viumbe, pamoja na stadi za kuzungumza na wananchi, kuwa masomo ya lazima tangu mwaka wa kwanza.