Kumbukumbu za mitambo ya mtandao na jinsi ya kuzipanga

MNAMO Agosti 28, 2017, Mahakama ya Juu jijini Nairobi iliagiza Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) iruhusu kumbukumbu za seva zake zikaguliwe, bila kubadilishwa chochote. Agizo hilo halikutekelezwa kikamilifu. Septemba 1, majaji wanne dhidi ya wawili walibatilisha uchaguzi wa urais uliofanyika Agosti 8, na katika hukumu ya kina ya Septemba 20 kasoro hiyo ilihesabiwa dhidi ya tume.

Kumbukumbu hizo ni faili ambamo mtambo huandika matukio: nani aliingia, saa ngapi, kutoka anwani gani na nini kilikataliwa. Ruta na vifaa vingi vya ulinzi wa mtandao hutumia utaratibu wa syslog, uliobuniwa na Mmarekani Eric Allman katika miaka ya 1980.

Utaratibu huo una viwango vinane. Kadiri nambari inavyopungua ndivyo jambo linavyokuwa zito:

0 – mfumo hautumiki
1 – hatua ya mara moja yahitajika
2 – hali mbaya
3 – hitilafu
4 – onyo
5 – jambo la kawaida lakini muhimu
6 – taarifa tu
7 – maelezo ya uchunguzi

Anayechagua kiwango cha 4 hupata pia 0 hadi 3, lakini hukosa 5, 6 na 7. Katika vifaa vingi, habari za mtu kuingia au mpangilio kubadilishwa huwa katika 5 au 6. Anayeishia 3 huenda asione nyayo za mvamizi. Kiwango cha 7 kitumiwe wakati wa kutafuta hitilafu pekee kisha kizimwe, kwani huelemea kifaa na kujaza hifadhi upesi.

Ruta nyingi huweka kumbukumbu katika hifadhi ya muda, na stima ikipotea, hufutika. Kwa hivyo ofisi, iwe Westlands au Kilimani, yafaa izitume kwa seva tofauti ambayo mvamizi wa ruta hawezi kuifikia kwa urahisi. Njia ya kale ya UDP, mlango 514, haithibitishi kuwa ujumbe umefika. Njia ya TLS, mlango 6514, hulinda ujumbe kwa usimbaji.

Saa nazo zilinganishwe kwa NTP. Nairobi iko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa ya UTC. Vifaa vikitofautiana, tukio la saa nane mchana litaonekana la saa tano asubuhi, na ushahidi utavurugika.

Kumbukumbu zinazomtambulisha mtu zinahusika na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, hivyo zisihifadhiwe kupita muda unaohitajika. Uvamizi waweza kuripotiwa kwa kituo cha KE-CIRT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano yenye makao Waiyaki Way, Westlands.

Baada ya kupanga, msimamizi aingize nywila isiyo sahihi kimakusudi. Jaribio hilo lisipoonekana kwenye seva, mpangilio haujakamilika.